Taa Iliyowaka Bila Waya

Habibu alichomoa waya wa mtandao nyuma ya seva, lakini taa ya kijani kwenye kadi ya mtandao iliendelea kumeta. Akauchomeka, akauchomoa tena. Taa ilimeta vilevile.

Ilikuwa Jumatatu ya Julai, katika ofisi ya kampuni ya mbao mjini Iringa. Kwa wiki nzima mtandao ulikuwa ukikatika kila adhuhuri. Habibu, fundi wa kompyuta, alikuwa amebadilisha waya na swichi, akafuta programu ya kadi na kuiweka upya.

"Bado tu?" meneja, Sifaeli, aliuliza mlangoni. "Fundi, hiyo kadi umeilisha nini?"

"Imekufa, bosi. Nimeagiza nyingine Mbeya."

"Mbona maiti yenyewe inakonyeza?"

Kadi mpya ilifika kwa basi Jumatano. Kila kadi hutoka kiwandani na namba yake, na kadi mbili haziwi na namba moja. Habibu aliifunga, akawasha, akasoma namba yake kwenye skrini. Ilikuwa ileile ya kadi ya zamani, iliyokuwa mezani mbele yake.

Ndipo alipoisikia harufu ya nywele zilizoungua. Ilitoka chini ya kabati la seva.

Chumba kile kilikuwa bafu kabla kampuni haijapanga nyumba. Tundu la maji machafu lilibaki sakafuni, limefunikwa kwa ubao. Siku kumi nyuma mende walitoka humo wakitafuna waya, naye Habibu akawamwagia birika zima la maji yanayochemka. Bibi yake wa Kilwa alimfundisha tangu utotoni kwamba maji ya moto hayamwagwi shimoni bila bismillahi, kwa sababu huko chini kuna majini wenye watoto wao. Siku ile alikuwa na haraka. Hakusema neno.

"Habibu." Mkewe, Asmaa, alisimama mlangoni. Alifanya kazi mapokezi na alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza ziliharibika. "Nani analia humo?"

"Feni hiyo."

"Feni haikatizi ikavuta pumzi," alisema kwa sauti ya chini, mkono tumboni. "Na akilia huyo, huyu wangu anaruka."

Alhamisi adhuhuri mtandao ulikatika tena, na kilio kikatoka kwenye spika za kompyuta zote sita kwa pamoja, kilio cha mtoto mchanga aliyeungua, kikipanda na kukatika na kupanda tena, harufu ile ikienea ukumbini hadi wafanyakazi wakakimbilia nje kwenye baridi, na Asmaa akabaki kwenye kiti chake cha mapokezi akiwa amelishika tumbo kwa mikono miwili, hawezi kuinuka.

"Mimi Mlutheri," Sifaeli alimnong'oneza Habibu, "lakini kwa hili tafuta mtu wenu."

Ijumaa asubuhi Asmaa aliachwa nyumbani. Mwalimu Bushiri wa madrasa alikuja na chetezo, akainua ubao, akainama juu ya tundu kwa muda mrefu.

"Nani kamwaga maji ya moto humu?"

Sifaeli alimtazama Habibu. Habibu alitazama ukuta.

"Kuna mtoto kaumia," mwalimu alisema. "Aliyefanya aombe radhi tu, tuyamalize kwa upole. Akikosekana itabidi niwafukuze. Na mzazi aliyeumiziwa mtoto, ukimfukuza, haondoki mikono mitupu."

"Fundi?" Sifaeli aliuliza.

Habibu alifikiria meneja atakavyosimulia kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyeiharibu ofisi kwa birika la chai.

"Mimi sijui chochote," alisema.

Mwalimu aliuliza tena. Kisha akafukiza ubani, akasoma bila kupumzika mpaka adhuhuri. Kitu kilikwaruza ndani ya bomba, kikaenda mbali, kikanyamaza. Taa ya kadi, iliyokuwa ikimeta bila waya, ikazimika. Habibu alipochomeka waya ikawaka, na mtandao ukarudi.

"Wameondoka wote," mwalimu alisema akikunja mkeka wake wa kusalia.

Sifaeli alipiga makofi. Simu ya Habibu ikaita.

"Mtoto katulia," Asmaa alisema. "Asubuhi alikuwa anaruka, ilipoadhiniwa tu akaacha. Nimelala ubavu, nimekunywa maji baridi, hachezi. Habibu, hachezi kabisa."

Habibu aliiangusha simu, akapiga magoti na kuingiza uso kwenye tundu.

"Ni mimi!" alipaza sauti. "Mimi ndiye niliyemwaga. Nisameheni!"

Mwalimu Bushiri alimshika bega.

"Inuka, mwanangu. Humo hamna mtu tena."