Jozi Kumi na Nane Mlangoni

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Bohdana alikuwa na kazi moja: kuingiza viatu. Wageni walifika mmojammoja, wakavua viatu nje ya mlango kama wafanyavyo watu wote wa mji wa Brno, naye akaviokota na kuvificha bafuni. Jozi mbili mlangoni hazisemi kitu. Jozi kumi na nane zinapiga kelele.

Baba yake, Vratislav Koutný, alikuwa mwigizaji. Watu walimjua kwa tamthilia na filamu, hadi aliposaini barua ya kuilalamikia serikali. Tangu siku hiyo hakupewa jukwaa. Sasa alichochea makaa kwenye boila, tanuri la kuipasha hospitali joto, na Jumapili aliigiza sebuleni kwake, kati ya kabati na dirisha, watu wamekaa sakafuni. Hilo nalo lilikatazwa.

Jumapili moja ya Februari, Bohdana alichoka. Viatu vilijaa theluji, vikamgandisha vidole. Akaviacha palepale, akashuka uani kuteleza kwenye barafu na wenzake. Alipopanda tena alimkuta mtunza jengo amesimama mbele ya mlango wao na ufagio wake, kidole kikitoka kiatu hadi kiatu.

"Nyumba yenu ina miguu mingi leo," alisema, akashuka ngazi taratibu.

Bohdana aliingiza viatu haraka. Hakumwambia mtu.

Nusu saa baadaye polisi waligonga. Waliandika majina ya wageni wote isipokuwa Bibi Zapletalová, jirani wa mlango wa pili, mjane aliyewashonea mavazi ya maigizo. "Wewe una sapatu miguuni, ni wa humuhumu," walimwambia. "Nenda kwako." Baba wakamchukua.

Alirudi baada ya siku mbili, ndevu zimeota, akaketi kunywa supu.

"Ni yule bibi," mama alisema. "Wote wameandikwa, yeye anaambiwa nenda kwako. Wewe unaona nini?"

"Sijui, Drahomíra."

"Mimi najua. Tumefuga nyoka, tena tukamlisha keki."

Bohdana alitazama sahani yake. Alingoja aibu imshike, au woga. Hakuna kilichokuja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Maigizo yalisimama. Mama alipishana na jirani kwenye ngazi bila salamu. Bibi Zapletalová alimaliza kushona sketi ya Bohdana, akaiacha imekunjwa mlangoni, akarudi kwake bila kubisha hodi. Bohdana aliivaa shuleni. Ilimkaa vizuri. Hakuhisi chochote.

Siku moja mama akatoa ufunguo wa akiba wa yule bibi. Walikuwa wameutunza miaka tisa, ili waweze kuingia kumtazama akiugua. "Mrudishie," alisema.

Bibi alifungua mlango, uzi mdomoni, akautazama ufunguo.

"Tumefika huko?" akasema. "Basi nikianguka bafuni mtanijua kwa harufu." Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Mjukuu wangu, nimewakosea nini?"

Bohdana hakumpa ule ufunguo. Aligeuka, akarudi nao kwao.

"Ni mimi," aliwaambia wazazi wake. "Viatu niliviacha nje nikaenda kuteleza. Mtunza jengo alivihesabu."

Mama alikaa kitini kama aliyesukumwa. Baba akasema, "Kamwambie yeye."

"Nisemee wewe, baba. Wewe unajua kusema."

"Mimi najua kusema maneno ya wengine. Haya ni yako."

Wakaenda wote watatu. Bohdana alisema yote, sauti kavu. Mama aliomba radhi, uso umemwiva. Bibi Zapletalová aliuchukua ufunguo, akaugeuzageuza, akautia tena mkononi mwa mama.

"Shika. Na huyu aje kesho kunishonea vifungo. Arobaini."

Baba alimgeukia binti yake. "Viatu vile ungevibeba dakika tano tu. Kimya chako umekibeba wiki tatu, ukamtwisha na bibi wa watu. Walioninyang'anya jukwaa wanataka tuogopane mlango kwa mlango. Uliponyamaza uliwafanyia kazi yao bure. Mtu akikosa, aseme siku hiyohiyo, kosa lingali dogo."

Jumapili iliyofuata waliigiza kwa rafiki, mtaa mwingine. Bohdana alisimama mlangoni, akiingiza viatu. Wa mwisho kupanda ngazi alikuwa Bibi Zapletalová, akihema, amevaa mabuti mazito ya mumewe marehemu.

"Safari hii na mimi waniandike," alisema, akayavua.

Bohdana aliyaokota. Yalikuwa na theluji hadi ndani, na vidole vikamuuma sana.