Jina Chini ya Boga

Hebu fumba macho kidogo, uione picha hii. Ni jioni ya mwisho wa Oktoba, huku kwetu Vermont. Majani mekundu yamelala barabarani na baridi imeanza kuuma masikio. Kila baraza ina boga lililochongwa macho na meno, na mshumaa ndani yake, ndiyo desturi yetu ya usiku huu. Sasa ingia jikoni kwangu. Mezani kuna magazeti ya zamani, kisu, kijiko kikubwa... na boga moja ambalo bado halijaguswa.

Nililileta mimi mwenyewe. Letu lilikuwa limetafunwa na kulungu, basi jua likielekea kuzama nikashuka hadi shambani kwa Verna Gadbois kutafuta jingine. Verna nilimfundisha kusoma na kuandika, darasa la kwanza, miaka thelathini na mitatu iliyopita. Nilimkuta amesimama nyuma ya meza yake ya kuuzia, mikono mfukoni.

"Chukua hili, mwalimu," alisema. "Nimekuwekea tangu Julai."

"Ulijuaje Julai kwamba nitakuja?"

Akaliinua, akanitia mikononi.

Lilikuwa zito. Na lilikuwa na joto... Nikajiambia ni jua la mchana.

Nyumbani, binti yangu Odile alikuwa amekaa karibu na jiko, mimba ya miezi saba imemlalia mapajani kama paka. Alipoona boga akacheka.

"Haya, ndoo iko wapi? Mama anachonga, Mama atatapika!"

"Nyamaza, wewe."

"Kila mwaka hivyo hivyo. Mwalimu mzima anashindwa na boga!"

Alisema kweli. Tangu utotoni, jioni ya kuchonga maboga kichefuchefu hunipanda. Ile harufu mbichi. Zile nyuzi baridi zinazojisokota vidoleni, na mbegu zinazoteleza katikati yake. Daktari aliniambia ngozi yangu haipatani na utomvu wa boga. Tuko wengi kijijini, na wote tuliambiwa hivyo. Niliamini.

Nikachomeka kisu kando ya kikonyo.

Tumbo langu lilitulia tuli. Kwa mara ya kwanza maishani.

Nyuma yangu Odile akasema, "Aah!"

"Nini?"

"Si kitu. Mtoto anapiga teke."

Nikazungusha kisu. Kifuniko kikaachia kwa mlio wa kunyonya... Nikatia mkono, nikashika nyuzi, nikavuta.

Odile alipiga yowe. Nilipogeuka alikuwa ameinama, jasho linamtiririka, akatapika sakafuni.

"Mama... kuna kitu kinanivuta. Humu ndani. Kinanivuta!"

Nikaachia nyuzi. Akapumua.

Nikazigusa tena, kwa ncha ya kidole tu.

Akalia.

Nilirudisha kifuniko polepole, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Kisha nikaliinua boga, nikatazama chini yake, pale palipolalia udongo, peupe pasipoona jua. Palikuwa na kovu nene, lililovimba.

ODILE.

Huku kwetu watoto huandika majina yao kwenye maboga mwezi wa Julai, boga likiwa dogo kama ngumi. Hukwaruza kwa msumari. Kidonda hupona, boga hukua, na jina hukua nalo. Sharti ni moja, na kila mtoto hulijua kabla hajajua kufunga viatu vyake: jina lako, kwa mkono wako. La mwenzako huliandiki, hata kwa mzaha.

Huu haukuwa mkono wa Odile. E ilikuwa na vijiti vinne vya kulala.

Nimesahihisha E nyingi mno. Ni mtoto mmoja tu aliyeniandikia hivyo mwaka mzima. Siku moja nilimsimamisha ubaoni, aiandike mpaka apatie. Wenzake walimcheka, nami sikuwanyamazisha upesi.

Verna.

Boga likishafunguliwa halikai. Siku ya tatu hulegea, siku ya nne uso huingia ndani na kuoza. Sikutaka kumfikiria Odile siku ya nne.

"Kaa hapo hapo, mwanangu. Nakwenda kulirudisha."

Nikalibeba kifuani, kisu nikakitia mfukoni.

Giza lilikuwa linaingia. Verna alikuwa barazani kwake, na nyuma yake maboga tisa, yote mazima, yamepangwa kwa mstari.

"Umeishia njiani, mwalimu," alinong'ona.

"Umeandika jina la binti yangu."

"Mimi nalima tu. Majina yanaota yenyewe."

"E hii ni yako."

"Kumbe unaikumbuka!" Akasogea karibu. Alinuka udongo uliolowa. "Basi nenda kalimalize. Au liache lioze. Chagua."

Niliogopa, sikufichi. Lakini nimekaa miaka arobaini na watoto wanaorusha viti, na namjua mtoto anayetaka kuniona nikilia.

"Siku ile ya ubaoni nilikukosea, Verna. Hilo ni langu, na nakuomba radhi. Lakini mwanangu humpati, wala aliye tumboni mwake. Na E ina vijiti vitatu."

Nikakaa kwenye ngazi zake bila kukaribishwa. Kwa ncha ya kisu, juu ya jina la Odile, nikakwaruza jina jingine, herufi moja moja, kwa mwandiko wangu wa ubaoni.

WINIFRED.

Jina langu, kwa mkono wangu.

"Usifanye hivyo," Verna alisema. Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka sita.

Nikafungua kifuniko. Nikatia mkono. Nikavuta.

Mungu wangu...

Ilikuwa kama kukunjuliwa kutoka ndani. Nikachonga jicho la kushoto, la kwangu likajaa machozi. Nikachonga la kulia. Matapishi yalipanda, nikayameza, nikaendelea. Mdomo nikauchonga unacheka, meno yote nje. Nilipomaliza nikaligeuza limtazame Verna.

Simu ikalia mfukoni.

"Mama, uko wapi? Imepita. Mtoto anacheza, na mimi nina njaa kweli!"

Sikuondoka hapo hapo. Niliyageuza yale tisa, moja baada ya jingine, na Verna hakunizuia. Yote yalikuwa na majina ya watu ninaowajua, wale wale wa kichefuchefu. Lakini mwandiko haukuwa mmoja; majirani walikuwa wameandikana humo shambani kwake. La mwisho lilikuwa na jina la Verna mwenyewe, kwa mkono ambao sijapata kuufundisha.

Nilimkabidhi lake. Akalikumbatia. Yale mengine niliyapeleka kwa wenyewe, wayazike.

Lile nililolichonga lilioza siku ya nne bila kunidhuru, maana jina lilikuwa la mkono wangu. Mjukuu wangu alizaliwa Desemba, mzima, mwenye makelele.

Langu la tangu utotoni sikulikuta pale, kwa hiyo liko kwingine. Kila mwaka yupo anayepanda jingine. Huku wote tunachonga jioni ile ile, ndiyo maana huwezi kujua ni boga gani linalokuumiza. Kila Oktoba kichefuchefu hunipanda, nami kila Oktoba nachukua kisu, nakaa barazani watu wanione, nachonga mdomo unaocheka.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Kabla hujatia kisu, liinue boga, ulisome chini. Ukikuta jina, hata la mtu usiyemjua, weka kisu mezani.