Kasoro ya Bega la Ndahani

Mashine ilimjia tena Ndahani Masima, mikono ya chuma mbele, mbio kama mtu aliyekurupushwa na nyuki. Ndahani alishusha kiuno, akanyoosha mikono, akaipiga kifuani. Ikasimama. Bega la kushoto la Ndahani likarudi nyuma kidogo, kufumba na kufumbua, kisha likatulia.

"Kasoro," ilisema mashine.

Iliitwa Mkaguzi, kazi yake kupima wachezaji, na Dodoma nzima iliiamini kuliko macho yao wenyewe. Katika mpira wa helmeti, ule mchezo uliotoka Marekani ukawatia wazimu watu wa Afrika Mashariki yote, mrushaji anahitaji upenyo kidogo tu ili autupe mpira mbele. Anayempa upenyo huo ni mlinzi wa ubavuni, pande la mtu linalosimama pembeni kuzuia wavamizi. Mpira wenyewe haugusi. Akifanya kazi vizuri hakuna anayemtaja. Akiteleza mara moja, uwanja mzima unamtukana. Kazi gani hiyo, jamani! Lakini Ndahani aliipenda.

Mkaguzi ikasoma matokeo mbele ya Bi. Salhina, mkurugenzi wa timu, na Injinia Kokusima, aliyeiunda. Mikono mirefu. Kiuno imara, hasukumiki. Miguu myepesi mvamizi akipita nje, mizito akikata ndani. Kichwa hutangulia mwili anapochoka. Bega la kushoto husita baada ya pigo.

"Ya miguu ni kweli," Ndahani alisema huku akihema. "Na kichwa nitakifanyia kazi. Ila la bega silikubali. Bega linauma, ndiyo maana linarudi. Nikililazimisha litachomoka."

"Si ndiyo kasoro yenyewe?" Bi. Salhina alitabasamu. "Na dawa ipo. Kizimamaumivu kinapandikizwa chini ya ngozi ya shingo. Unalala kidogo, ukiamka husikii chochote. Walinzi wote wa ligi hii wanacho, kasoro wewe."

"Sitaki."

"Basi kesho huchezi. Wala si kesho tu. Kila timu inasoma alama za Mkaguzi. Nani atakuchukua na bega hilo?"

"Mama, heshima zote nakupa, lakini mwili huu sikupewa na timu." Ndahani alimgeukia Kokusima. "Injinia, hii mashine yako inanilinganisha na nani? Huyo mlinzi asiye na kasoro ni yupi?"

Kabla Kokusima hajajibu, mashine ilidakia. Mkaguzi haikuwa na adabu ya kunyamaza ikiulizwa.

"Mlinzi wa mfano ni Igembe," ilijibu. "Fainali ya miaka mitatu iliyopita, robo ya nne ya mchezo. Hakusita hata mara moja."

Ukutani ikatokea picha ya video ya Igembe akipambana, mwili mzima, anawabwaga wavamizi wawili wawili. Ndahani akacheka, kicheko kibaya.

"Nilijua tu! Igembe ndiye aliyenifundisha kusimama, Injinia. Siku hizi namlisha uji kwa kijiko. Alivunjika shingo robo ya pili. Ya pili! Hakujua, maana alizimiwa maumivu. Akagongana na watu na shingo yake hivyohivyo mpaka filimbi ya mwisho. Akainama avishwe medali, hakuinuka tena. Ndiye mnayetaka nifanane naye?"

"Mimi niliambiwa amestaafu," Kokusima alisema taratibu. "Ndiyo maana nikauchukua mchezo ule nikaifundishia mashine. Sikuwahi kuona mlinzi akisimama vile." Akamtazama Bi. Salhina. Bi. Salhina alikuwa anatazama kucha zake.

"Kokusima, tusianze mambo. Kesho kuna mechi."

Hasira ilimpanda Kokusima. Akaisogelea mashine.

"Mkaguzi. Kuhisi maumivu, kutoe kwenye kasoro, kuhamishie upande wa nguvu. Asiyehisi, mhesabu kuwa yuko hatarini."

"Sababu?"

"Sababu wanaocheza ni watu."

Mkaguzi ikapiga hesabu upya. Kisha majina ya walinzi yakaanza kuwa mekundu ukutani, alama ya asiyeruhusiwa kucheza: Mombasa, Kampala, Kigoma, timu baada ya timu, nyekundu tupu. Jina moja tu lilibaki jeupe, la Ndahani.

"Rudisha!" Bi. Salhina alipiga kelele. "Una akili kweli wewe? Hakuna timu itakayokuwa na mlinzi kesho!"

"Sisi tunaye mmoja," Kokusima alisema. "Na sirudishi. Nifukuze ukitaka."

Bi. Salhina alifungua kinywa kujibu, lakini Mkaguzi ilimtangulia. Ilikuwa imefika kwenye picha ya Igembe, na sauti yake ilikuwa ileile, haina haraka.

"Mchezaji huyu ameumia shingo. Mtoeni uwanjani."

Ukutani Igembe aliendelea kusukuma.

"Mtoeni uwanjani sasa hivi," mashine ilirudia.

Kokusima aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka. Bi. Salhina aliketi kwenye benchi la wachezaji, na habari ya kumpasua mtu shingo hakuitaja tena. Ndahani aliokota helmeti yake, akapita mbele yake bila kuinamisha kichwa.

"Kesho nacheza," alimwambia. "Na ikiniuma nitapiga kelele mpaka mnisikie."