Simu Nne za Mjomba Tari

Kila alasiri, baada ya masomo, Rolina alipanda kilima kilichokuwa nyuma ya kijiji. Kileleni palisimama nguzo, na kwenye nguzo palifungwa kipande cha mwanzi kilichohifadhi simu ya kijiji, kwa maana katika upande ule wote wa kisiwa cha Pentekoste mtandao ulishika hapo tu. Rolina alipokea simu, kisha akapiga ngoma ya gogo kumwita mwenyewe. Kila nyumba ilikuwa na mdundo wake. Mdundo wa Bibi Mabel, bibi yake mzaa mama, ulikuwa mapigo matatu ya polepole na moja la haraka. Siku hizo kikongwe huyo alishinda mlangoni akiusubiri, kwa kuwa mwanawe Tari alikuwa amelazwa hospitalini huko Port Vila, mji mkuu.

Alhamisi moja, Jilda, rafiki yake Rolina, alimfuata kileleni.

"We mlinzi wa mwanzi, lete simu tukapige picha ufukweni."

"Hairuhusiwi kutoka hapa."

"Dakika tano tu. Au unaogopa nguzo itakusemea kwa bibi yako?"

Rolina akacheka, akaichukua. Dakika tano zikawa saa nzima. Aliporudi kileleni simu ilitetemeka mkononi, ikaleta taarifa: Mjomba Tari alikuwa amepiga mara nne. Akampigia, haikupokelewa. Kwa hofu aliifuta taarifa ile, akairudisha simu mahali pake na kuteremka kimya.

Asubuhi iliyofuata zilifika habari kwamba Tari amefariki dunia.

Meli ilileta mwili, akazikwa. Siku ya kumi ndugu walikusanyika kula chakula cha matanga. Bibi Mabel hakugusa kiazi kikuu alichowekewa.

"Ameondoka bila hata kuniaga," alisema. "Sijui nilimkosea nini."

"Mama, alikuwa hoi," mama yake Rolina alimsihi. "Usijitese."

"Hoi kiasi cha kushindwa kubonyeza simu?"

Rolina hakuweza kustahimili zaidi. Aliingia ndani, akatoa mkeka mwekundu wa majani ya mkadi, mkeka wake wa kwanza, aliousuka mwaka mzima. Kwao, aliyekosa haji mikono mitupu. Hutandika mkeka mbele ya aliyemkosea, ndipo aseme. Akautandika miguuni pa bibi yake.

"Umekosa nini, mjukuu wangu?"

"Mjomba alipiga, Bibi. Simu nilikuwa nayo ufukweni, napiga picha. Kisha nikafuta taarifa, usijue."

Bibi Mabel alilia kwa muda mrefu, kisha akauvuta mkeka, akaupakata.

"Alipiga mara ngapi?"

"Nne, Bibi."

"Nne," akarudia. "Basi hakunisahau."

Akamtazama mjukuu wake machoni.

"Sauti yake sitaisikia tena, na saa ile utaijutia maisha yako yote. Lakini kosa lako kubwa si picha. Siku kumi umeniacha nimdhanie mwanangu mabaya. Ukikabidhiwa kitu cha watu wote, umekabidhiwa na mioyo yao. Kitunze. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, ungali unatetemeka."

"Nimesikia, Bibi."

"Sasa panda kilimani, ukanipigie mdundo wangu. Mara nne."

Rolina akapanda huku akilia. Chini kijijini, Bibi Mabel alikaa mlangoni, mkeka mapajani, akaisikiliza ngoma hadi pigo la mwisho.