Maziwa Umemwaga, Mavi Umenipa

Asubuhi na mapema Bi Hidaya wa Buzebazeba, mtaa wa Ujiji, huwa bustanini na jembe lake. Hulima mchicha na bamia. Mboga hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake, wajukuu na wakwe.

Mbolea yake ni mavi ya ng'ombe wa Iddi, jirani yake. Iddi humletea kwa toroli, mabichi, bado yana joto. Bi Hidaya huyamwaga moja kwa moja kwenye matuta. "Mabichi ndiyo yenye nguvu," husema.

Msimu huu mambo yaligeuka. Alipiga jembe, likadunda. Mavi ya zamani yalikuwa magumu kama tofali. Wale mende weusi wanaofingirisha vidonge vya mavi, hakuna hata mmoja. Mchicha umesimama mwembamba, wa njano.

"Mavi gani haya hata funza hawayataki?"

Akashika njia kwenda kwa Iddi. Akamkuta zizini, anamwaga ndoo ya maziwa kwenye mfereji unaoteremkia ziwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Iddi, una wazimu? Maziwa yote hayo?"

"Nimewachoma ng'ombe sindano ya minyoo na kupe. Chupa inasema maziwa yasinywewe. Siwezi kuwalisha watoto wangu dawa."

"Na mavi?"

Iddi akacheka. "Mavi hayanyweki, mama! Toroli lako lile pale, limejaa."

Bi Hidaya hakucheka. Alikaza khanga kiunoni.

"Kitendawili!"

"Tega," Iddi akajibu. Ni nani wa Ujiji asiyejibu?

"Mgeni kafukuzwa kwako, ukamleta kwangu."

Iddi akakuna kichwa. "Umenishinda."

"Nipe mji."

"Chukua Kasulu."

"Kasulu nimefika, nimekaribishwa, nimekula nikashiba. Huko jirani hamfanyii jirani mwenzake haya! Mgeni ni dawa yako. Maziwa umemwaga, mavi umenipa mimi. Wajukuu zangu si watoto?"

Bi Hidaya akaketi juu ya ndoo.

"Mpigie bibi mifugo. Siondoki."

Diana, bibi mifugo wa kata, alikuja kwa bodaboda. Aliisoma chupa, kisha akauliza, "Nani aliwapima ng'ombe?"

"Nani awapime? Nikiona anajikuna, namchoma."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Uso wa Diana ulibadilika. "Iddi, dawa haiishii mwilini mwa ng'ombe. Nyingi hutoka na mavi, ingali kali. Inaua mende na funza wanaoyavunja mavi yawe udongo. Mvua ikiyasomba hadi ziwani, inaua vidudu wanaoliwa na samaki wadogo. Nawe unaosha zizi kwenye mfereji huu!"

"Umesikia?" akasema Bi Hidaya. "Bustani yangu, kisha na ziwa!"

"Na wewe mama," Diana akamgeukia, "mavi mabichi si ya kuweka kwenye mboga, hata yasiyo na dawa. Yana vimelea vya magonjwa."

Bi Hidaya akainuka kwenye ndoo. "Basi tufanyeje?"

Diana akawaelekeza, wakachimba shimo mbali na mfereji. Mavi ya ng'ombe waliochomwa yaliwekwa humo peke yake, yakachanganywa na majani makavu, yakafunikwa yasilowe mvua. Kila baada ya muda waliyageuza. Diana alikataza kuyatia bustanini mpaka yawe meusi, yasiyonuka, na yeye mwenyewe ayaone. Iddi akaacha kuchoma ovyo. Ng'ombe akijikuna, humwita Diana kwanza.

Mvua za masika zilipokwisha, Iddi alileta toroli. Ndani mlikuwa na mboji nyeusi, laini. Mende mmoja akatoka, akaanguka tutani, akajichimbia.

Bi Hidaya akamwangalia mpaka akapotea. Mchicha wa matuta mapya, yasiyotiwa mavi ya dawa, ulikuwa tayari unachipua, kijani kibichi.

"Mboji nzuri," akasema. "Na maziwa ya leo?"

Iddi akatoa chupa ya maziwa mfukoni. Siku hizi haji bila hiyo.

"Kunywa nione."

Iddi akanywa yote, akafuta mdomo.

"Sasa," akasema Bi Hidaya, "ingiza toroli."