Njia ya Shaba Aliyoihamisha Namelok

Kila Jumanne baada ya masomo, Namelok na Elimringi walibaki darasani katika shule yao ya Elerai wakitengeneza bomba la kunawia lisiloguswa. Ukisogeza mkono, kipande cha shaba, yaani kihisi, kinauhisi na pampu inavuta maji kutoka kwenye pipa. Elimringi ndiye aliyechora kwa kalamu ya maka njia za umeme kwenye bodi, kibao chembamba chenye shaba juu. Njia ya kihisi aliipitisha peke yake pembeni, fupi, mbali na njia ya umeme wa pampu.

Namelok hakuipenda. Mama yake anashona shanga, na katika kazi yake mistari hulala ubavu kwa ubavu. Siku Elimringi alipowahi kwenda kukata majani ya ng'ombe, Namelok aliufuta mstari ule, akauchora upya, mrefu, kando kabisa ya ule wa pampu. Akaitia bodi kwenye dawa ya kula shaba isiyofunikwa na wino, akachomelea vifaa, akaifunga kwenye boksi lake. Ilipendeza kweli.

Siku ya wazazi, bomba likafunguka lenyewe. Hakuna mkono, hakuna mtu. Pipa zima, lililojazwa kwa ndoo na watoto wa darasa la tatu, likaishia kwenye viatu vya wageni.

"Bodi hii nani alichora?" Mwalimu Violet akauliza.

"Elimringi, mwalimu," Namelok akajibu.

"Fundi wa mafuriko huyo," Loserian, mwanafunzi mwenzao, akatania. Watu wakacheka.

Mashindano ya sayansi yalikuwa Jumamosi ile. Mwalimu akampa Loserian nafasi ya Elimringi.

"Nipe bodi nione nilikosea wapi," Elimringi alimwomba Namelok.

"Nimeiacha nyumbani," akadanganya. Ilikuwa ndani ya begi lake.

Jumatatu, mashindano yamekwisha, Namelok akaingia ofisini na lile boksi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ile njia niliihamisha mimi."

Elimringi akaitwa. Alifungua boksi, akatazama kidogo tu. "Umeilaza na ya pampu. Umeme wa pampu unakichokoza kihisi, kinadhani mkono umekuja." Akaikata njia ile kwa wembe, akachomelea waya mfupi upande wa pili. Wakalirudisha boksi kwenye bomba, nalo likatulia mpaka aliposogeza kiganja.

"Bodi imepona kwa nusu saa," mwalimu akasema. "Jumamosi ya Elimringi siwezi kuirudisha, na mimi pia nilihukumu bila kuuliza vizuri. Ukikosea, Namelok, sema siku hiyohiyo, mwenzako angali na nafasi yake."

"Nisamehe, Elimringi."

"Nimesikia," akasema, akachukua begi lake, akaenda zake.