Kiti cha Jerusha

Nyinyi madereva wa Riyadh, nyinyi kina dada wa Jeddah, na nyinyi mlioko nyumbani mkingoja simu zetu, leo sina maneno matamu. Mimi ni Mama Derrick. Ninaishi nyuma ya Al-Safa, Jeddah, katika chumba kimoja chenye dirisha moja, na kazi yangu ni kulea watoto wa kina mama Wakenya wanaokwenda kufua na kupiga deki katika nyumba za watu. Nitawaambia habari ya familia moja. Mkisema nina mdomo, ni kweli ninao, na leo nitautumia.

Asubuhi ile palikuwa shwari kabisa. Watoto sita walikuwa wameketi kwenye mkeka, vikombe vya uji mbele yao, na Jerusha alikuwa akiwafundisha. Huyu Jerusha alikuwa na miaka saba, ndiye mkubwa wao. Alikuwa amebandika kipande cha katoni ukutani, ameandika a, e, i, o, u kwa makaa, na anaonyesha kwa mwiko wangu wa ugali.

"Ian, keti vizuri! Darasani hakuna kulala," alimkaripia mtoto wa miaka mitatu.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtoto yule hakuwa amewahi kuona darasa hata siku moja. Darasa alilijua kutoka kwa simu ya mama yake, na mengine aliyatunga mwenyewe. Alikuwa na sare pia. Nilimshonea kwa cherehani ya kuazima, gauni la buluu na kola nyeupe, kwa sababu alinisumbua mwaka mzima. Kila jioni aliikunja na kuiweka chini ya mto wake.

Sasa nielezeni, mtoto mwenye akili kama hiyo kwa nini hakuwa shuleni? Ni karatasi tu. Mama yake, Winfred, alikuwa mfanyakazi wa ndani kule Al-Hamra. Huko ndiko alikokutana na Josphat, dereva wa nyumba ya jirani, mtu wa Kitale, mcheshi, mcha Mungu, aliyewahi kufundisha nasari huko nyumbani. Josphat alimwambia Winfred kwamba hana mke. Tukakusanyika watu kumi katika sebule ya rafiki, tukaomba, tukala pilau, tukawaita mume na mke. Hakuna aliyeuliza cheti. Winfred aliposhika mimba aliogopa, akamtoroka kafili wake, yaani yule mwajiri anayeshikilia karatasi zako zote, na ikama yake, kibali cha kuishi huku, ikafa. Jerusha akazaliwa chumbani kwangu, mikononi mwangu humu. Hakuandikwa popote.

Josphat naye alihamia Riyadh akapata kazi ya kuendesha basi la chuo kikuu kimoja. Ikama yake ilikuwa safi. Na kumbe Kitale alikuwa na mke na watoto wawili, tulikuja kujua baadaye.

Ili Jerusha apate karatasi za kwenda kwa nyanya yake Vihiga, Kenya, aingie shule, fomu ilitaka baba ajitokeze na kutia sahihi. Kitu hicho kimoja tu. Winfred alimpigia simu miaka minne.

"Winnie, kipindi hiki siwezi," Josphat alisema kila mara. "Nikisema mtoto ni wangu wataniuliza cheti cha ndoa. Nitafungwa. Ikama itaenda. Ngoja kidogo."

Nisiwe mwongo, hofu yake ilikuwa na msingi, sheria ya huku mnaijua, kuzaa nje ya ndoa ni jela. Lakini kulikuwa na wengine waliojitokeza, wakahangaika, wakaaibika, na watoto wao leo wanasoma. Josphat hakutaka hata kuuliza.

Basi asubuhi hiyo ya a, e, i, o, u, mlango ukagongwa. Alikuwa Reuben, dereva wa familia moja hapo Al-Safa, kijana mpole anayetuletea sukari. Alinipa simu yake.

"Mama Derrick, hebu tazama. Iko kwenye grupu la Wakenya."

Nikatazama. Josphat, ndani ya shati la kitenge, anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Chuo chao kilikuwa kinaandaa Siku ya Tamaduni, kila taifa na meza yake, vyakula vyake, nguo zake. Na mwaka huo walitaka kukumbuka ile siku watoto weusi wa Amerika waliporuhusiwa kukaa darasa moja na watoto weupe. Dereva wetu alichaguliwa kusema kwa niaba ya Waafrika.

"Hakuna mtoto wa mlango wa nyuma," alisema kwenye video, kidole juu. "Kila mtoto ana kiti chake darasani, na kiti hicho kinamngoja!"

Watu walikuwa wamemwekea mioyo na makofi chini yake. Mimi damu ilinichemka. Winfred aliporudi kazini nilimwonyesha, akaketi sakafuni na mkoba begani.

Hapa ndipo pananiuma, ndugu zangu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Wazo lilikuwa langu. Sisi watu wa huku tuna imani moja, kwamba mwanamume anaweza kukukana kwenye simu, anaweza kukukana mkiwa wawili, lakini mbele ya watu hawezi. Mbele ya watu ataona haya. Tumelisema hilo mara ngapi tukichambua mchele?

"Mpeleke mtoto," nikamwambia Winfred. "Avae sare yake. Asimame pale mbele ya umati. Tuone kama ulimi wake utanyanyuka kumkana."

"Mama Derrick, sina ikama. Wakinishika je?"

"Reuben anapeleka gari la bosi wake Riyadh Alhamisi, siku ile ile ya sherehe. Gari la Msaudi mwenyewe, nani atawasimamisha?"

Aliichukua ile sare, akaikunjua magotini. Alikuwa ananiamini kama mama yake mzazi. Akakubali.

Waliondoka alfajiri, Jerusha akiwa katikati ya kiti cha nyuma na sare imepigwa pasi. Niliwafungia chapati. Yaliyofuata nimeyapata kwa Reuben, na baadaye kwa Winfred mwenyewe.

Walifika Riyadh baada ya alasiri. Ukumbi ulikuwa umejaa: wanafunzi, wazazi, watoto wamepakwa bendera mashavuni, meza za vyakula kutoka kila pembe. Geti lilikuwa wazi kwa familia zote. Jerusha alishika mkono wa mama yake kwa nguvu, akinong'ona, "Mama, hiki ndicho chuo? Viti vyote hivi?"

Josphat akapanda jukwaani. Akasema vizuri, Mungu wangu, mtu yule anajua kusema! Kiingereza kidogo, Kiarabu kidogo, akamalizia kwa Kiswahili: kila mtoto ana kiti chake. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Na Jerusha akauachilia mkono wa mama yake. Winfred anasema alikuwa bado anatafuta ujasiri wa kwenda, mtoto akamtangulia. Alipita katikati ya watu na sare yake ya buluu, akapanda ngazi tatu za jukwaa, akasimama mbele ya Josphat.

"Baba," alisema. "Mimi ni Jerusha. Nimekuja kuchukua kiti changu."

Maikrofoni ilikuwa karibu, kwa hiyo sauti ikasikika hadi nyuma. Watu hawakuelewa Kiswahili, walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakazidi kupiga makofi na kuinua simu. Madam mmoja, mhadhiri aliyekuwa akiongoza shughuli, akainama akitabasamu, akamuuliza Josphat kama huyo ni binti yake.

Reuben anasema Josphat alirudi hatua moja nyuma. Aliangalia umati, akaangalia zile simu, akaangalia mtoto. Kisha akacheka kidogo.

"No, madam. Simjui mtoto huyu." Halafu akamwinamia Jerusha na kumwambia kwa Kiswahili, polepole, "Mtoto, mimi sikujui. Nenda kwa mama yako."

Loo! Kumbe anajua ana mama! Lakini nani pale angemwelewa, zaidi ya Winfred na Reuben?

Mtoto hakulia. Alibaki amesimama pale pale. Madam akawaita walinzi kwa upole tu wamtafutie wazazi wake. Winfred akakimbilia mbele, maana mama gani angejificha? Mlinzi akamuuliza ikama. Ikama mafi, hakuna. Akamuuliza pasipoti. Mafi. Karatasi yoyote ya mtoto? Mafi. Walinzi wakapiga simu, na halas, safari ikaishia hapo. Wakati wanatolewa kwa mlango wa pembeni, Josphat alikuwa amesimama katikati ya picha ya pamoja.

Walikaa miezi kumi na mmoja katika kituo cha watu wanaongoja kurudishwa makwao. Winfred peke yake angetoka kwa wiki chache. Lakini mtoto hakuwa na jina kwenye karatasi yoyote duniani, na asiye na jina huwezi kumkatia tikiti. Winfred alikataa kumwacha. Wakalala kwenye godoro moja, wanawake na watoto wengi chumba kimoja. Jerusha akapata kikohozi kisichoisha, akakonda, akaacha kufundisha watu vokali. Aliacha karibu maneno yote. Sare ilimbana makwapani, kisha ikachanika mgongoni, na hakuna aliyeishona.

Mimi sikulala vizuri miezi hiyo yote. Ningeweza kumlaumu Josphat peke yake, na niliwahi kufanya hivyo. Lakini niliyemtuma mtoto kwenda kumpima baba yake mbele ya umati ni mimi.

Video ya jukwaani ilizunguka mpaka Kitale. Mke wa Josphat, Rosebellah, aliiona. Alimtambua mtoto kwa paji la uso, kwa sababu ni la watoto wake mwenyewe. Alimpigia mumewe simu, na maneno yake yalinifikia: "Mimi na wewe tutaongea baadaye. Kwanza nenda ukamtoe mtoto huyo. Usirudi hapa bila yeye kuwa na jina."

Ndipo Josphat akaenda. Alikuwa amepungua, shati linamning'inia. Chuo hakikumwongezea mkataba, kwa hiyo ile ikama aliyoilinda ilikuwa inaisha mwezi ule ule. Walimketisha mezani na fomu, wakamleta Winfred na mtoto. Afisa mmoja aliyejua Kiswahili akamwinamia Jerusha.

"Usiogope, mama. Huyu ndiye baba yako?"

Jerusha alimtazama Josphat toka viatu mpaka nywele. Hakuwa na hasira, anasema Winfred. Alikuwa kama anayejibu swali la kawaida.

"Simjui mtu huyu," alisema.

Josphat aliweka kichwa juu ya ile fomu akalia kama mtoto. Aliita, "Jerusha, mimi ni baba. Jerusha!" Mtoto akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Vipimo vya damu vilisema kweli, sahihi ikatiwa, Winfred na Jerusha wakasafiri. Lakini alilolipanda jukwaani alikuwa amelivuna.

Leo wako Vihiga kwa nyanya. Jerusha ana miaka tisa na yuko darasa la kwanza, mrefu kuliko wote. Winfred alinitumia sauti wiki jana. Mwalimu anamwambia kwamba kila asubuhi Jerusha anaingia, anasimama karibu na mlango, na hakai mpaka aambiwe mara mbili kwamba kile kiti ni chake.

Funzo

Ndugu zangu, tunapenda sana kusimama kwenye sherehe na kusema watoto wote ni sawa. Tunavaa vitenge, tunapiga picha, tunalilia watoto wa nchi za mbali waliofungiwa shule zamani. Je, yule uliyemzaa wewe umemfungulia mlango? Usimbague mtoto kwa sababu ya kosa lako. Mpe jina lako mapema, nenda ukaulize, aibika ikibidi, maana aibu ya mtu mzima inapita.

Na sisi wengine, tuache kuwatumia watoto kama mawe ya kumpigia mtu. Mimi nimejifunza kwa gharama ya Jerusha. Na ndoa za sebuleni bila kuuliza mtu ametoka wapi na ana nani nyumbani, tuziache.

Kwenye mkeka wangu wamebaki watoto sita. Ile katoni ya vokali bado iko ukutani. Baba zao nawajua wote kwa majina, na wengine mnanisikiliza sasa hivi. Sitamtuma mtoto kwenu tena. Njoeni wenyewe, mngali mnaitwa baba.